Jino la Cevdet

Bi Müzeyyen alikuwa na miaka hamsini na sita
alipopanda ngazi za kliniki yangu, Kütahya, kutaka waya.
Miaka thelathini alipaka rangi vigae,
mkono haukumtetemeka hata siku ya mazishi;
sasa meno yake yanasukumana
kama watu kwenye foleni ya mkate.

Taya la juu, kumi na matatu ni yake.
La mbele kushoto ni la Cevdet:
kauri tupu, alilichonga mwenyewe katika karakana ya meno,
akalichoma kwenye tanuri lisilozidi birika,
akalitia ufa wa uongo, mwembamba, rangi ya chai,
ili lisimsute jirani yake kwa uzuri.

Nikamwambia: tulitoe, tuvute meno, mwisho tutie jipya.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa auze kaburi.
"Gandisha hapo hapo lilipo."

Gandisha! Kauri ikishaiva haidai wala haidaiwi.
Jino la kuzaliwa nalo, ukilipaka tindikali kidogo
hufungua vishimo vyake, likapokea gundi.
Hili hukung'aria tu usoni.

Basi nafunika ufizi kwa mpira, na midomo, na ulimi,
maana tindikali hii ndiyo ile inayokula kioo.
Msaidizi wangu Ilgaz anaisogeza chupa kwa vidole viwili
kama aliyemshika nge mkiani.
Tone. Sekunde sitini.
Nahesabu chini kwa chini, nikijua kinacholiwa:
mng'ao aliouchoma mume wa mtu mara mbili, saa saba za usiku.
Naosha. Nakausha.
Limeingia ukungu kama dirisha la hamamu.

Sasa namleta mshenga:
maji yasiyo rangi, tone lisilojaza tundu la sindano,
mkono mmoja umeshika kioo, wa pili umeshika gundi,
pande mbili zisizosalimiana akazifanya wakwe.
Kibano. Nabonyeza. Taa ya samawati.
Bi Müzeyyen amefumba macho.

Nilikwisha kumwambia, na sahihi yake ninayo:
kushika si kazi. Kazi ni kuachia.
Gundi ikilegea, kibano kitadondoka kwenye supu;
ikikaza mno, siku ya kutoka
kitaondoka na kipande cha marehemu.

Miezi ishirini na mmoja.
Kilidondoka mara moja, harusini kwa mpwa wake, ndani ya baklava.
Akakileta kwenye karatasi ya peremende, anacheka.
Mimi sikucheka. Tindikali tena, mshenga tena.

Leo koleo liko mkononi. Ilgaz hapumui.
Nabana mabawa ya kibano, silisogelei jino,
nabana polepole, polepole,

tik.

Kwenye sinia: chuma, gundi,
na chembe nyeupe kama ya sukari.
Miaka kumi na tisa ya kazi hii, na mate yamenikauka.

Nampa kioo.
Analigeuzia mwanga kwa jicho la mtu wa vigae.
Ufa wa uongo upo. Pembeni, karibu na ufizi, pamepauka.
Anakaa kimya muda wa kutosha mimi kujilaumu.

"Cevdet alilalamika mpaka anakufa," anasema,
"kwamba mng'ao aliuzidisha."

Halafu anaiomba ile chembe.
Ilgaz anapekua droo, anatafuta karatasi.