Jina la Kote

Ghalani Isevya, ndoo za asali zimepangwa hadi dirishani,
nami nimepewa meza kando ya mzani,
kompyuta iliyong'oka herufi N,
na kazi: kila kitu kwenye kioo kiwe na jina.

Kisanduku cha kilo nilikiita mzani.
Nikalitundika jina hilo juu kabisa,
ili faili yoyote, hata ile ya mwisho kule chini,
ikiita tu, iitikiwe.
Basi tena kukabidhiana kitu mkono kwa mkono
kama sinia la msibani.

Lakini simama Kanyenye saa nne asubuhi, uite "Kulwa!"
Watageuka saba:
muuza karanga, fundi saa, mtoto wa shule mwenye kiatu kimoja,
na mmoja atauliza, Kulwa yupi, wa kwa Nyanzala au wa relini?
Ndani ya mashine hakuna anayeuliza.
Wa mwisho kupewa jina ndiye mwenye jina.

Nililijua hilo Jumanne.
Mlekwa, anayeandika upande wa malipo,
naye alikuwa na mzani wake: bei ya kilo.
Hakuniuliza. Sikumuuliza.
Bi Kasanda wa Sikonge akapima ndoo tatu,
kioo kikasema: kilo elfu nane.
Alicheka mpaka akakalia ndoo.
"Kumbe nyuki wangu nimewadharau!"

Tukaandika upya. Mzani wa kilo, mzani wa bei,
majina marefu kama ya kwenye vyeti.

Moja lilitupita.
Dirisha la zamani tulilivunja, jina lake likabaki limening'inia,
na kila jioni kuna faili iliyosahauliwa inayoliita.
Hakuna kosa, hakuna kengele.
Kimya tu, chenye umbo la kitu.

Mlekwa alikitazama kioo kuliko kazi ilivyodai.
Jina lake, kwa Kinyamwezi, ni aliyeachwa.
Baba alipanda treni, yeye yumo tumboni;
na mama, ikipiga honi usiku,
bado hutamka jina,
si la Mlekwa.

"Tulifute?"
"Liache. Andika mstari juu yake,
uulize kwanza kama yupo, ndipo uite."

Nilitaka kumsahihisha: kipo.
Nikaandika.