Kwa Mhando, Kabla Hujarusha

Usianze na ndege ya vita, Mhando.
Najua umeiona pichani, mabawa mafupi, pua kama mkuki.
Ile haikungoji ufikiri.
Anza na bawa refu, nene, lililokaa juu ya kiwiliwili,
ncha zake zimeinuka kidogo
kama mabega ya mtu anayesema "sijui".
Hiyo ukiiachia mkono hujinyoosha yenyewe.

Foamu usinunue. Pita Barabara ya Kumi na Mbili,
nyuma ya maduka ya friji. Nimeokota huko miaka tisa
na hakuna aliyeniuliza.
Uti wa bawa ni mlingoti wa mkonge uliokauka,
siyo mbichi: mbichi una maji, utakudanganya.
Upasue, uukwangue kwa kigae cha chupa
mpaka ukiugonga ulie kama kikombe kitupu.
Vyuma vya kuvutia mkia ni spoku za baiskeli.
Tanga hii haiishiwi spoku.
Gundi ya papo kwa papo usiisogeze karibu.
Inakula foamu. Bawa langu la kwanza
lilitoboka mbele ya macho yangu
nikiwa bado nimeshika kichupa, natabasamu.

Sasa mizani. Hapa ndipo watu hawanisikilizi.
Pima bawa toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, gawa kwa tatu,
tia alama kwenye theluthi ya kwanza,
ibebe ndege hapo kwa ncha za vidole viwili.
Pua iiname kidogo, kwa adabu.
Ikikaa mkia, usiniambie itajirekebisha hewani.
Hewani hakuna fundi.
Sogeza betri mbele. Bado?
Gandisha sarafu ya mia mbili puani. Bado? Ya pili.

Siku ya kurusha twende Amboni, saa kumi na mbili na nusu,
kabla upepo haujapata kazi.
Washa rimoti kwanza, ndege baadaye;
kuzima ni kinyume chake.
Sema "kulia" kwa sauti, kisha tazama: ni kulia kweli?
Mwaka juzi niliunga nyaya kinyume,
nikabishana na ndege yangu sekunde nne.
Ardhi ndiyo iliyoshinda.
Na kovu hili la kidole gumba ni la propela,
siyo la kisu cha jikoni kama ninavyowaambia wakwe.

Irushe kuukabili upepo.
Usiitupe kama unayefukuza kunguru;
isukume, kama unampa mtu sahani iliyojaa mchuzi.
Kisha panda. Juu ndiko kuna muda wa kukosea.

Ikienda mbali nawe, mkono na bawa ni ndugu.
Ikigeuka kuja kwako, kulia inakuwa kushoto,
na hapo nimeona wanaume wazima wakilia.
Usipige hesabu. Bawa linaloinama,
sukuma kijiti upande huohuo unaouona,
ulitie mwega.

Dakika sita, teremka, hata kama inapendeza.
Betri iliyovimba kama kitumbua usiichaji tena.

Andika namba ya simu tumboni mwa ndege.
Siyo yako, wewe unabadilisha laini kila mwezi. Yangu.
Ile ya njano ilinipotelea mashambani
siku kumi na moja. Ya kumi na mbili simu ikalia,
mkata mkonge mmoja, Shekiondo, ananiuliza:
"Mama, huyu ndege wako anakula nini?"
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Alikuwa ameifunika kanga isilowe.

Yako nayo itaanguka, Mhando. Sikutishi.
Okota vipande vyote, hata vya ukubwa wa ukucha,
na usirushe tena siku hiyo
hata wenzio wakuchochee vipi.
Vipange mezani kila kimoja mahali pake;
utaona kipi kilitangulia kuvunjika.

Halafu njoo. Foamu ninayo.
Sarafu lete mwenyewe.