Hodi Isiyongoja Karibu

Mzamili alinipigia kutoka Maskati:
"Fundi, spika ya mama imekufa tena.
Nauli nimeshatuma."
Nauli ya nini? Nina baiskeli.
Toka Chumbageni hadi Barabara ya Kumi na Mbili
ni jasho la kuloanisha kola, basi.

Bi Mwanatumu alinifungulia, unga wa mchele viganjani.
"Kidude chako kile pale," akasema. Chako,
kana kwamba nilikizaa mimi.
Kilikaa juu ya kitambaa cha kufuma
kati ya saa ya mezani na kopo la udi,
kidogo, cheusi, kama kitumbua kilichoungua,
kikizungusha taa yake ya chungwa
mithili ya mtu aliyepotelewa na viatu msikitini.

Nikafanya tulivyofundishwa na shida:
nikachomoa, nikahesabu hadi thelathini, nikachomeka.
Nikaingiza nywila herufi kwa herufi,
nikakosea, nikaingiza tena.
Kikatamka, kwa lugha ya ugenini,
kwamba kinaomba radhi, hakioni mtandao.
"Kinaomba nini?"
"Radhi, bibi."
"Hicho angalau kina adabu."

Simu yangu pale mlangoni ilishika vistari vitatu.
Ukumbini viwili. Hatua mbili mbele, kimoja.
Nikaifuata ruta kama anayefuata harufu ya panya aliyefia darini
hadi kwenye kabati la vioo:
vikombe vya harusi, dawa ya macho iliyokwisha muda,
picha ya marehemu ndani ya sare ya reli.
Na nyuma ya kabati, sakafuni, ruta yenyewe,
taa zote kijani, mzima wa afya,
imeegemezewa sinia.

Sinia la shaba, la kulia watu wanane.
Nikaliinua kwa mikono miwili.
Kule ukumbini kidude kikalia *ting*,
taa ikawa buluu.
"Nimeipata!" nikapaza sauti. "Shaba inazuia mawimbi, bibi!
Nani aliliweka hapa?"

Hakujibu. Alikuwa akipangusa unga vidoleni,
kimoja kimoja.
Kisha *ting* tena, na sauti ya Mzamili
imeshakaa kitako katikati ya ukumbi:
"Mama? Umekula? Mbona nasikia vyombo? Nani yupo hapo?"
"Fundi wako."
"Dawa umekunywa?"
"Nimekunywa."
Vidonge vilikuwa mezani, karatasi haijatobolewa.
Mtoto akaaga. Mama akangoja taa izime
ndipo akashusha pumzi.

"Umemsikia akibisha?"
"Kengele ililia, bibi."
"Kengele! Hodi si kengele, mwanangu. Hodi ni swali.
Mtu husema hodi, akangoja.
Kama umevua, unavaa. Kama unalia, unajifuta.
Kama hutaki mtu, unanyamaza,
naye anaelewa, anakwenda zake.
Huyu nimemzaa, nampenda mpaka naumwa,
lakini Ijumaa alinidakia naongea na baba yake."

Baba yake alikuwa kabatini, kofia ya reli upande.

Sasa fundi ni wa nani?
Pesa imetoka Maskati, nyumba ni ya Bi Mwanatumu,
na mabega yaliyolemewa na shaba ni yangu.

"Liegemeze," akasema. "Polepole, lisigonge ukuta.
Asubuhi nitaliondoa mwenyewe,
saa ya chai, nimeshaoga.
Hapo aulize atakavyo."

Nikaliegemeza. Buluu ikarudi chungwa,
ikaanza tena kutafuta viatu vyake.
Nikafungiwa kipande cha mkate wa sinia kwenye gazeti, cha moto,
na mguu mmoja ukiwa kwenye pedeli, simu ikatetemeka:
"Tatizo lilikuwa nini, fundi?"

Nikaandika kwa kidole chenye mafuta, nikafuta,
nikaandika upya:
"Mtandao wa Tanga huu, kaka, unaujua.
Waja leo, waondoka leo.
Jaribu asubuhi, saa ya chai.
Ukikuta kimya, ngoja."