Gari la Baada ya Kiyama

Lorne alipohamishiwa nyumba ya wazee kule Mlimani
(hapa Hamilton mlima ni ukingo wa mwamba tu, lakini ndivyo wanavyouita)
aliniachia maboksi kumi na moja, na hakuna hata moja lililotimia.
Pikapu isiyo na magurudumu. Trekta lisilo na injini.
Kifaru cha vita kilichobaki minyororo na mnara.
Gari la mashindano, jekundu, limepasuka kioo,
na maelekezo yake yote ni kwa Kijapani.

"Unganisha," aliniambia. "Vitu vizima waachie watoto."

Basi tangu Novemba, nikitoka zamu ya usiku kiwandani,
nakaa jikoni, taa ya cherehani ya Barke imeniinamia.
Pikapu ni moja kwa ishirini na tano,
injini ni moja kwa ishirini na nne.
Tofauti ndogo, ungesema, ila haikubali.
Nimeipiga msasa siku tatu, nimeikata masikio,
mpaka ikaingia, inanung'unika kama mgeni
aliyeonyeshwa godoro la sebuleni.

Barke anapita na sufuria ya uji.
"Gari gani hilo?"
"La baada ya kiyama."
"Baada ya kiyama kuna mizani, na kuna Sirati,
njia nyembamba kuliko unywele.
Hayo matairi ya trekta yatapita wapi?"

Sina jibu. Napaka rangi ya kwanza, kahawia ya damu ya juzi.

Kutu ina adabu zake. Haiji popote tu.
Hufuata maji: chini ya mlango, pembeni mwa kioo,
pale bolti ilipolegea na hakuna aliyejali.
Lorne alinifunza hivyo mikono yake ilipokuwa haijaanza kutetemeka:
kila mkwaruzo uwe na sababu.
Kama hujui aliyeugonga, usiuchore.

Juu ya kahawia napuliza dawa ya nywele ya Barke
(naiba kidogo, kopo linajua),
kisha chumvi ya mezani, chembe kwa chembe,
kwa ncha ya kijiti cha meno.
Halafu kijani, kile cha pikapu za mashambani.
Ikikauka, maji ya vuguvugu na mswaki wa zamani:
chumvi inatoka, inaondoka na kijani chake,
na kutu ya miaka arobaini inachungulia
kwa dakika tano.

Vumbi ni majani ya chai yaliyosagwa.
Turubai ni kifuko chake.
Antena nimeivuta kutoka plastiki niliyoilainisha juu ya mshumaa;
ya kwanza ilikatika, ya pili ilikatika, ya saba ndiyo hii.

Kiti cha dereva nimekichakaza ukingo wa kushoto,
upande anaoshukia.
Cha abiria bado kipya.
Nilikaa nacho wiki nzima, kisu mkononi,
sikuipata sababu.

Korola letu, nje, linaliwa bila ufundi wowote.
Jana fundi wa Barabara ya Barton alisukuma kidole chini ya mlango
na kidole kikazama.
"Chumvi ya barabarani," akasema, anajifuta.
Hakusema zaidi. Aliandika bei, akaikunja karatasi mara mbili.

Leo alfajiri Barke aliliinua hili dogo kwenye kiganja,
akaligeuza, akalinusa hata.
Nilingoja aniulize tena habari za Sirati.
Badala yake alifungua kikapu cha kushonea,
akakata ncha ya leso kuukuu,
akafunga kifurushi kisichozidi karafuu,
akakiweka kwenye kile kiti kipya.

"Watu hawasafiri mikono mitupu," akasema. "Hata huko."

Akaenda kulala. Mimi nikatoka kukwangua barafu kwenye kioo.
Lori la manispaa likapita polepole, taa yake ya njano inazunguka,
na chumvi ikagonga mlango wetu, chembe kwa chembe:
mtu anayenizidi subira
anafanya kazi ileile,
kwa kipimo cha moja kwa moja.