Mstari wa Mia Nne na Kumi na Mbili

Bwana Muriuki alikuja na kompyuta nyembamba kama chapati ya maji,
akaiweka juu ya meza tunayokatia vitunguu,
akasema: nipe oda zenu za mwaka mzima,
nitakwambia vijana wa Malindi hulala wapi, hushinda wapi.

Nilicheka moyoni.
Simu za jioni nazipokea mimi, za mchana Pendo.
Namjua atakaye pilipili kando,
namjua asemaye "bila kitunguu" kila Ijumaa
na sababu yake naijua pia.
Lakini Bi Tima alikwisha kubali,
na friji ilikuwa imeanza kukohoa.

Basi mji ukageuka vitone.
Saa saba mchana vikarundikana hospitalini,
kwenye vibanda vya simu, kwenye saluni za Ngala,
kama ufuta juu ya mkate.
Saa mbili usiku vikahamia Muyeye, Maweni, Kisumu Ndogo,
kwenye vyumba vya kupanga, soketi moja, choo cha shirika.
"Kule wanafanya kazi," akasema. "Huku wanaishi."
Kidole chake kilikuwa safi sana.

Nikamwonyesha kitone kimoja cha Casuarina:
wali wa nazi na mbaazi, saa sita usiku, kila siku,
jumba la vyumba sita na bwawa la kuogelea.
Akaandika: kijana mwenye uwezo.
Huyo ni Tsuma, nikamwambia, bawabu.
Mwenye jumba yuko Ulaya tangu Aprili
na Tsuma haviamini vile viti vyeupe,
hula amesimama, sahani juu ya pampu ya maji.
Akafuta. Akaandika. Akafuta tena.

Kuanzia tarehe ishirini ramani ikapauka.
"Wamehama?"
Hawajahama, bwana. Wamekaukiwa.
Sukuma ya shilingi ishirini haipiti kwetu,
na anayelala na chai ya rangi
hatumi pini ya mlango wake.
Tazama Ramadhani sasa:
mchana kutwa hata kitone,
ramani nayo imefunga,
kisha adhana, na Shella yote inaruka
kama bisi ndani ya sufuria.
Hapo alicheka. Nikampenda kidogo.

Usiku nikabaki peke yangu na faili,
nipitie majina kabla ya kumkabidhi.
Mstari wa mia nne na kumi na mbili.
Chapati mbili, maharagwe, bila nyama.
Njia ya Mayungu, jengo lisilo paa.
Nambari ninayoijua kuliko yangu.

Fondo.
Fondo apigaye simu kila Jumapili
kumwambia mama kwamba Mombasa kuna joto,
kwamba kiyoyozi cha ofisini kinamtia mafua,
kwamba meneja amempa kiti cha kuzunguka.
Siku kumi na tisa, saa saba, saa saba na robo,
saa ambayo anajua fika si zamu yangu.

Na pale jengoni kuna mama muuza,
githeri yake nusu ya bei yetu, na hadai nauli ya boda.
Nilikaa na swali hilo mpaka jokofu likanyamaza.
Kisha nikakumbuka maharagwe ya Bi Tima
nilimfunza mimi kuyaunga:
nazi ya pili kwanza, bizari ikiwa mbichi bado,
nami nilifunzwa na mama, nyumbani,
Fondo akiwa mgongoni mwangu.

Nikafuta mistari kumi na tisa.
Mmoja mmoja, kama kuchambua mchele.

Kesho yake Bwana Muriuki akaizungusha ramani,
akagonga upande wa kusini kwa kalamu.
"Njia ya Mayungu hakuna mtu?"
"Hakuna," nikasema.

Ilipokaribia saa saba nikamvuta Pendo kando ya jiko.
Ile ya jengoni, nikamwambia,
ongeza chapati ya tatu.
Usiandike.