Brashi Iitwayo Sechelela

Ndahani aliponiachia studio hapa Nkuhungu
aliniachia na deni la pango, miezi miwili,
viti vitatu, kimoja kilema,
pazia la bluu la picha za pasipoti,
na kompyuta iliyokula vumbi hadi feni ikakohoa.
Akapanda basi la Singida. Hakusema atarudi lini.

Ndani, chini ya mafaili ya kipaimara,
nikakuta brashi alizozihifadhi kwa majina.
Si "laini", si "kubwa":
Sabasaba. Mama Mchungaji.
Na moja, Sechelela:
saizi arobaini na mbili, ugumu sifuri,
wino kumi na mbili kwa mia,
mtiririko wa chini kabisa, kama mtu anayenong'ona.

Sikujua Sechelela ni nani.
Nilijua brashi yake inafaa.
Jaribu wewe kuunda ya kwako
wateja wanne wakiwa kwenye benchi
na umeme wenye tabia ya kuondoka bila kuaga.

Picha ya kwanza, ya pili, ya mia:
mpangilio ule ule.
Jasho la saa nane likamtoka karani wa Mtumba,
vumbi la Kizota likashuka kwenye kope za bibi harusi,
kijana wa chuo, chunusi kama punje za uwele,
akatoka amepoa.
Wakalipa, wakaenda,
na kila mmoja, nadhani, alibeba usoni
chembe ya Sechelela asiyoijua,
kama uani kote kunavyonukia mlenda
uliopikwa chungu kimoja.

Nikaanza kumwona.
Ugumu sifuri: basi shavu lake halikuwa na ukingo,
lilipoishia ndipo ulipoanza mwanga.
Kumi na mbili kwa mia: Ndahani hakutaka kumfuta.
Alipita mara nyingi, kidogo kidogo,
kama anayetafuta sababu ya kutomaliza.

(Au alikuwa mteja tu wa Jumanne.
Mimi hukuza mambo. Mama husema hivyo.)

Mwezi wa saba, upepo ukigombana na mabati,
akaingia mwanamke wa kilemba cha njano.
Picha nne, za kitambulisho cha ushirika wa zabibu.
"Jina?" Huwa tunaliandika juu ya bahasha.
"Sechelela Chibago."
Jina hilo, Ugogo, ni kama kokoto.
Sikuuliza kitu.

Nikaiita brashi yake. Nikaigusisha chini ya jicho.
Haikukaa.
Iliacha doa la majivu
pale miaka ilipolima mistari mitatu
kama matuta ya Hombolo kabla ya mvua.
Nikapunguza saizi. Nikapandisha. Nikatendua.
Nikatendua tena.
Mwishowe nikamchapa alivyokuja,
na vumbi lake, na matuta yake.

Akajitazama. Nikangoja kugombezwa.
"Yule mwenzako wa zamani," akasema,
"picha moja ilikuwa inamchukua mchana mzima."
Akahesabu elfu tatu, akakunja bahasha, akatoka.

Nikaifungua orodha.
Kishale kikasimama juu ya jina.
Kufuta? ikauliza mashine.

Kwenye benchi walikuwepo mapacha wa kipaimara,
mashati meupe, shingo zimeshaiva kwa jua.
Nikabofya. Arobaini na mbili, sifuri, kumi na mbili.
"Inua kidevu," nikamwambia wa kwanza.