Masikio ya Mto

Mkaguzi aliuliza: hili ni somo gani?
Halina safu kwenye ratiba.
Nikamwambia, ni hesabu, mzee.
Akaandika "hesabu", akapanda pikipiki,
akateremka Kasese na matope yetu mgongoni.

Sikumdanganya sana.
Kwetu Wakonzo jina ni hesabu:
Baluku wa kwanza, Bwambale wa pili,
Masereka wa tatu.
Na yupo Masereka, primari ya tatu, dawati la dirishani.
Kila asubuhi nikiita majina anaitika "nipo",
na jina lake linamtaja asiyekuwepo.
Wa tatu, baada ya nani?

Nyamwamba ulikuja usiku
ukibingirisha mawe makubwa kama vibanda,
ukapita jikoni kwao bila hodi.
Uliondoka na sufuria, na mbuzi wawili,
na Bwambale aliyerudi kuwafungua mbuzi.

Tangu hapo Masereka hasemi mengi.
Si bubu. Ukimuuliza saba mara nane, atakujibu.
Ila mvua ikigonga bati
huingia chini ya dawati, viatu mkononi.

Mimi sikusomea mambo ya moyo.
Chuoni walinifundisha chaki, na namna ya kusimama.
Basi Ijumaa, baada ya uji, naleta nilivyo navyo:
mkaa wa jikoni,
manjano ya dukani, ya Kabugho, ambaye kila kitu chake ni jua,
migongo mitupu ya mitihani ya mwaka juzi,
na beseni la udongo wa ukingoni.

Ukingo wa mto ule ule. Najua.
Niliwaza usiku kucha, nikaubeba hata hivyo.
Bonde hili halina udongo mwingine.

Ijumaa ya kwanza hakuugusa.
Ya pili aliudunga kwa ncha ya kalamu,
kama mtu anayehakikisha nyoka amekufa.
Ya tatu ilinyesha; tukaingia chini ya madawati sote,
hata mimi, na magoti yangu, na unene wangu,
Thembo akacheka hadi kwikwi ikamshika.

Ya nne akafinyanga.
Wenzake walitengeneza ng'ombe, simu, mandazi.
Biira alimfinyanga mama yake amelala,
akamfunika kipande cha jani la mgomba, asisumbuliwe.
Yeye akauviringisha udongo viganjani, ukarefuka,
akaupinda huku, akaupinda kule,
nami nikajua ni nini kabla hajamaliza,
tumbo likanikaza.
Kisha akabandika vipande viwili vidogo kwenye ncha.

Hivyo ni nini?
"Masikio."
Mto hauna masikio, Masereka.
"Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana haukusikia."

Akauinamia. Akaugombeza kwa Kikonzo,
kwa sauti ya bibi yake, kidole juu,
maneno ambayo sitawatafsiria;
yalikuwa ya mto.
Thembo mwenyewe alinyamaza.
Alipomaliza akaomba maji, akanawa hadi viwiko,
akauliza kama kuna uji uliobaki.

Ulikuwepo. Wa baridi, una utando juu.
Alikunywa vikombe viwili.

Mnataka niseme amepona.
Juzi ilinyesha, akaingia tena chini ya dawati.
Lakini viatu alikuwa amevivaa.

Mto wake uko dirishani, umekauka,
umepasuka pale kwenye kona.
Sikio moja limeanguka, nimelitia kwenye droo ya chaki.
Ijumaa huenda akalibandika,
huenda akasema sasa limetosha moja.

Nami, watoto wakishatawanyika,
beseni likibaki na udongo wa kujaza ngumi,
nafunga mlango, nakaa kwenye kiti chao kifupi,
nafinyanga kitu.
Bado sijakijua.
Kina mabega.